Togwa Yenye Upako

Jumamosi mchana, watu wa mtaani kwetu hapa Sumbawanga wakitaka kucheka bure, walikuwa wanapita mbele ya karakana ya seremala mmoja na kuchungulia ndani. Humo, kati ya vitanda visivyopakwa vanishi na jeneza moja au mawili yanayosubiri wenyewe, tulikuwa tumekaa sisi, walevi wa zamani, tumeshika vikombe vya chai ya tangawizi na kuongea kwa zamu. Mpita njia anauliza kwa sauti, "Leo mnakunywa nini?" Sisi tunajibu kwa pamoja, "Chai." Tulijibu hivyo mara nyingi hadi ikawa kama kiitikio cha kanisani.

Mimi niliingia pale kwa hasira. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na nilikuwa nimechoka kuhurumiwa. Dada yangu, anayeishi Namanyere, alikuwa amemchukua binti yangu. Hakumchukua kwa ugomvi. Alishuka kwenye basi la asubuhi, akanikuta nimelala mlangoni kwangu na kiatu kimoja, akafunga nguo za mtoto kwenye kanga, akaniambia nikiamka nimpigie simu. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaichukia. Basi nilipofika karakana nilikuwa tayari kupigana na yeyote atakayenipa pole.

Hakuna aliyenipa pole. Seremala mwenyewe, mzee mfupi mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alinisogezea stuli na kusema, "Karibu mama. Humu hatufundishani, maana mlevi hafundishiki. Tunakaa tu." Halafu akampa zamu mfugaji mmoja wa Kisukuma, mtu mrefu aliyehamia na ng'ombe wake huko Muze, ambaye kila Jumamosi alipanda mlima na gari la mizigo ili akae na sisi. Siku hiyo alikuwa anasimulia jinsi alivyopitia kilabuni akichunga, akakaa, ng'ombe wakangoja weee, mwisho wakaondoka wenyewe kwenda nyumbani. "Wakamfikia mke wangu bila mimi," akasema kwa huzuni kubwa. "Ng'ombe hawana siri." Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Nilikuwa sijacheka bila pombe kwa muda mrefu kiasi kwamba niliogopa, nikadhani ninaumwa.

Hospitalini walikuwa wamenieleza habari za ini. Kanisani walinieleza habari za moto. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia hata kidogo. Pale karakana niliwakuta watu waliojua namna ya kuficha chupa kwenye gunia la mkaa, waliojua uongo wote niliowahi kuutunga, na hawakushtuka. Ukishindwa kumdanganya mtu, unajikuta unakaa naye tu na kupumzika. Sijui hilo linaitwaje. Mimi naliita karakana.

Kulikuwa na kanuni moja: kiu ikikujia, piga simu kwa yeyote kati yetu, saa yoyote, na huyo haruhusiwi kukuuliza kwa nini. Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa Msanzi, mtu wa tai hata siku za mapumziko, alikuwa anakutajisha wilaya za Tanzania mkoa kwa mkoa, na ukikosea mnaanza upya. Mfugaji anakuimbia wimbo wa kulimia kwenye simu, kwa sauti mbaya sana. Seremala anasema neno moja, "Njoo," na ukifika anakupa msasa. Vitanda vilivyotoka kwenye ile karakana masika yale vilikuwa laini kupita kiasi, na sababu ni kiu yangu. Kuna watu wamelala juu ya mateso yangu na wanasema fundi ana mkono mzuri.

Masika yalipofika mwezi wa tatu, dada akapiga simu. Marehemu baba yetu alituachia shamba pembeni ya mji, na mimi nilikuwa nimeliacha mpaka majani yakamzidi mtu urefu. Dada akasema, "Nikiona lile shamba limelimwa, na limelimwa bila pombe, tutazungumza habari za mtoto. Nitakuja nione kwa macho yangu."

Asiyejua Ufipa huku kwetu ataona hilo ni jambo dogo. Shamba la namna ile tunalilima kwa matuta makubwa ya mviringo, unafyeka majani, unayakusanya, unayafukia na udongo yaoze humo humo, halafu unapanda maharage. Mtu mmoja hawezi. Unaalika majirani, wanakuja na majembe yao asubuhi, na mchana wewe unawapa pombe uliyowapikia. Ndiyo desturi. Kualika watu kulima bila pombe ni kuwatukana na kuwatukania wazazi wao. Dada alilijua hilo. Alikuwa ananiomba nivuke mto bila kulowa, na nilikata simu nikamtukana peke yangu jikoni kwa muda mzuri.

Nilipolipeleka jambo hilo karakana, walifurahi kana kwamba nimewapelekea harusi. Mwalimu alisimama. Akasema watu watapewa togwa, kinywaji halali cha wazee wetu, kitamu, chenye nguvu, na kisicholevya hata mtoto. Mimi nitapika, kwa kuwa zamani nilikuwa mpishi wa pombe mwenye sifa hadi Namanyere, na anayejua kupika pombe hawezi kushindwa kupika togwa. Huo ndio uliokuwa msingi wa fikra yetu, na hakuna aliyeuona ufa.

Nikapika. Uji wa mahindi, ukapoa kiasi, nikatia kimea cha ulezi, nikamimina kwenye pipa la plastiki tuliloazima. Tuliliweka karakana kwa sababu kwangu hapakuwa na nafasi, na kwa sababu, niseme ukweli, sikutaka kulala nyumba moja na pipa.

Siku ya kulima ilianza na ukungu na baridi ya Sumbawanga, ile inayokufanya uzungumze na meno. Majirani walikuja wengi kuliko nilivyoalika. Nilijua hawakufuata togwa. Walikuja kuona walevi wakilima wakiwa wazima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mfugaji alianzisha wimbo, majembe yakaanza kupanda na kushuka, na jua lilipotoka matuta yalikuwa yameshaanza kujipanga kuelekea bondeni. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nililima huku nikicheka, na jirani yangu wa upande wa kulia akaniuliza kama nina uhakika sijanywa.

Kabla ya mchana tukaenda sisi wanne, mimi, seremala, mfugaji na Mwalimu, kwenye kivuli cha ukuta wa kibanda cha baba, tulikolileta pipa kwa mkokoteni alfajiri, tuandae vikombe. Nikafunua kifuniko.

Povu lilikuwa linaongea. Lilipanda, likapasuka, likapanda tena, na harufu iliyonipiga usoni niliifahamu kama ninavyofahamu jina langu. Nikarudisha kifuniko na kukikalia.

"Vipi?" akauliza seremala.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Mbona umekaa?"

Nikawaambia. Mwalimu akasema togwa nayo hutoa povu, tusihukumu haraka. Mimi nikasema togwa yangu niliipika jana asubuhi kwa kipimo cha togwa, haiwezi kufika hapo kwa siku moja, labda imesaidiwa. Basi tukafanya kama Jumamosi, kila mtu na zamu yake ya kusema, na mimi juu ya pipa.

Mwalimu alikohoa. Akasema yeye alipita karakana jana mchana, akaona si heshima kuwapa majirani kitu kisicho na utamu, akaongeza sukari. Kiasi gani? Cha kutosha. Mfugaji akasema yeye alifika jioni na gari la mizigo, akaona togwa ni nyepesi, na kwao mgeni hapewi kitu chepesi, akaongeza kimea. Seremala akawa anakuna nyusi mpaka tukamtazama wote. Akasema usiku baridi ilikuwa kali, akalihurumia pipa, akalifunika kwa mablanketi mawili na kulisogeza karibu na jiko la kuyeyushia gundi.

"Na pipa tuliliazima wapi?" nikauliza, ingawa moyo ulishaniambia.

"Kilabuni," akasema seremala. "Lakini tuliliosha."

Tulitazamana. Kimea, sukari, joto na pipa lenye hamira ya miaka mingi. Hakuna mmoja wetu aliyekosea peke yake. Tulikuwa tumepika pombe safi kabisa kwa kusaidiana, na kila mmoja alifanya kwa upendo.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akasema Mwalimu kwa sauti ya darasani, na mimi nilianza kucheka, nikashindwa kuacha. Mfugaji naye akaanza. Tulicheka tukiwa tumeshikana mabega, machozi yanatoka, wakati jambo lenyewe lilikuwa baya sana.

Lakini bado hatukuwa na hakika. Huenda imechachuka tu. Ilibidi mtu aonje, na hapo ndipo tulipogundua shida ya pili. Pale ukutani walikuwapo watu wanne walioijua pombe kuliko watu wote wa mkoa wa Rukwa, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kuigusa. Mfugaji akasema ataonja kwa ncha ya ulimi tu. Tukamwambia wote kwa pamoja aende zake na ulimi wake.

Wakati huo jirani yangu mlokole alikuwa anakuja na beseni la viazi vya kuchemsha. Ni mama wa Mbeya, anauza vitenge sokoni, mkarimu, na katika maisha yake hajawahi kuonja tone la pombe. Tuliona ametumwa na Mungu. Seremala akamchotea kikombe.

"Mama, tuonjee hii togwa, utuambie kama ina pombe."

Akanywa taratibu. Akafikiri. "Ni tamu," akasema.

"Ina pombe?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Anayeruhusiwa hajui, anayejua haruhusiwi. Akaomba kikombe cha pili ili achunguze vizuri. Tulipaswa kumzuia. Kila mmoja alidhani mwenzake atamzuia. Alipomaliza akapangusa midomo kwa upande wa kitenge, mashavu yamewaka, akatuangalia kwa mapenzi makubwa.

"Hii togwa," akasema, "ina upako."

Halafu akashika njia ya katikati ya matuta na kuanza kubariki majembe. Alibariki jembe moja moja, kwa jina la mwenye nalo, akiimba. Watu wakaacha kulima. Kijana mmoja dereva wa bodaboda akaja mbio hadi ukutani, akachota mwenyewe kabla hatujamuwahi, akanywa, akafumba macho.

"Wazee, shikamooni sana," akasema. "Kama togwa yenu ndiyo hii, na mimi niandikeni kwenye kikundi."

Hapo ndipo nilipomwona dada. Alikuwa anapanda kutoka barabarani, amemshika binti yangu mkono, wote wamevaa nguo za safari. Wakasimama. Dada alimtazama mlokole akiimba, akamtazama kijana mwenye kikombe, akanusa hewa. Alimgeuza mtoto taratibu kwa bega, upande wa barabara.

Nilimkimbilia nikasimama mbele yake, nikamwambia yote bila mpangilio, sukari, mablanketi, jiko la gundi, na kadiri nilivyosema ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo wangu wa zamani. Nilijisikia mwenyewe nikisema na nisingejiamini.

"Nani alipika?" akauliza dada.

"Mimi."

"Na sasa utafanyaje?"

Nyuma yangu majirani walikuwa wameshaelewa kilichomo pipani, na habari ilipokelewa vizuri sana. Majembe yalilala chini. Watu walikuwa wanasogea ukutani kwa heshima, wanapeana nafasi, mmoja anasema mimi si nilijua tu, mwaliko ni mwaliko. Nami nilitaka. Nisidanganye hapa. Nilirudi kwenye lile pipa nikiwa na kiu ambayo msasa wa dunia nzima usingeitosha, na kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa pombe bora niliyowahi kuipika.

Nikashika ukingo wa pipa. Lilikuwa zito, halikusogea. Kabla sijaita mtu, seremala alikuwa ameshashika upande wa pili, mfugaji akainama akaweka mikono chini, na Mwalimu akatupa tai yake begani. Hakuna aliyeuliza tunalipeleka wapi. Tulitembea nalo hatua fupi fupi, nyuso zetu karibu na lile povu, wote wanne tumebana pumzi kama watu wanaopita shimo la choo. Mfugaji alikuwa anaimba kwa meno. Seremala alikuwa ananinong'oneza, "Tazama mlimani, mama, tazama mlimani." Nikatazama milima ya Mbizi hadi shingo ikauma. Tukafika kwenye majani yaliyokusanywa kwa ajili ya tuta jipya, tukalipindua.

Sauti iliyotoka kwa majirani nimewahi kuisikia msibani tu.

Baba mmoja mwenye mvi akasema kwa uchungu wa kweli, "Mama, tumelima tangu asubuhi." Alikuwa na haki. Kwa desturi yetu nilikuwa nimewadhulumu mchana kweupe. Wakaanza kuokota majembe yao na kuyaweka begani, na nusu ya shamba ilikuwa bado majani. Dada alikuwa amesimama palepale.

Mwalimu akapanda juu ya tuta. Akafunga tai yake upya, akangoja wanyamaze, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Ndugu majirani," akasema. "Leo mmelima hapa na hamjanywa. Ni deni, na tunalitambua. Kila aliyepo hapa, kikundi chetu kitakuja kulima kwake, wote, mpaka jioni. Nanyi mtapika pombe kama desturi inavyotaka. Lakini sisi hatunywi. Mtakunywa wenyewe."

Nilimwona yule baba mwenye mvi akifikiri. Nilimwona kijana wa bodaboda akifikiri. Tangu Ufipa iwe Ufipa, hakuna aliyewahi kupewa wakulima wasiogusa pombe ya mwenye shamba.

"Yote?" akauliza baba mwenye mvi. "Pombe yote inabaki?"

"Yote," akasema Mwalimu.

Baba akashusha jembe lake. "Basi tusipoteze muda," akasema, na wakarudi kwenye matuta kwa kasi ambayo asubuhi hawakuwa nayo. Mlokole tulimlaza kivulini, akaendelea kubariki akiwa amelala.

Masika yale kikundi chetu kililima karibu mtaa mzima. Tuligombaniwa. Na nitasema jambo lisilo la kitaalamu: kulima shamba la mtu, halafu kukaa pembeni na kikombe cha chai ukiwatazama wenye shamba wakinywa na kuanza kugombana kwa mambo yaleyale uliyogombania wewe, hapo katikati ya wenzako wanaokufinya kiuno ili usicheke, kulinisaidia kuliko semina yoyote. Kijana wa bodaboda naye aliandikwa baadaye, kwa sababu zilizo nzito kuliko utani wake.

Lakini siku ile ya kwanza tulilima hadi jua likakaribia kuzama. Dada alivua viatu vya safari, akafunga kanga kiunoni, akaingia kwenye mstari wangu, na sote tulifukia majani bega kwa bega kama baba alivyotufundisha. Tulipomaliza akanyoosha mgongo, akalitazama shamba.

"Sikuleta nguo zake," akasema. "Sikudhani."

Nikaendelea kufuta udongo kwenye jembe.

"Nitampa dereva wa basi kesho, azishushe stendi," akasema, na akaenda kunawa miguu.

Nilikaa kwenye tuta na kikombe cha bati nilichokuwa nimechotea maji ya mtungi. Binti yangu alikuja akasimama mbele yangu. Kila nilipokwenda kumwona Namanyere, kitu chochote nilichomkabidhi cha kunywa, hata soda niliyoifungua mbele yake, alikuwa anakinusa kwanza, haraka, akidhani sioni. Akanyoosha mkono akanichukulia kikombe mdomoni. Akanywa maji yote mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwa mlokole aliyekuwa anaamka, halafu akanirudishia kikombe na kuniuliza leo tunakula nini.